Chura wa Utah na utetezi wa mshtakiwa

Polisi wa Heber City, mji mdogo katika jimbo la Utah nchini Marekani, walikuwa wakijaribu programu ya akili mnemba inayosikiliza rekodi ya kamera ya mwilini kisha kumwandikia askari ripoti ya tukio. Ripoti moja ikatoka ikieleza kwamba askari aligeuka chura. Chanzo kilikuwa runinga. Askari akiwa kazini, nyuma yake kulikuwa na filamu ya katuni yenye habari za chura, na programu ikashindwa kutenganisha sauti za katuni na sauti za watu waliokuwepo. Habari ikazunguka dunia, watu wakacheka, na wenye shaka na teknolojia hii wakapata mfano wa kushika mkononi: mashine inabuni mambo, basi isiaminiwe mahakamani.

Naona tumecheka mahali pasipo na hatari. Ripoti yenye chura haitamfunga mtu, kwa sababu kila atakayeisoma ataiona ina kasoro. Ya kuogopwa ni ile isiyo na chura: ripoti safi, yenye mtiririko mzuri, inayolingana na video hatua kwa hatua. Kwa mtu aliyesimama kizimbani, faida kubwa ya kamera za polisi imetoka kwenye mwanya uliopo kati ya alichoandika askari na kilichonaswa na kamera. Wakili wa utetezi hufanyia kazi ndani ya mwanya huo. Programu hizi zinauziba, tena mapema mno, kabla mshtakiwa hajajua hata jina la wakili wake.

Ili jambo hili lieleweke, tukumbuke kamera hizi zilivyoingia. Agosti 2014 kijana mweusi wa miaka 18, Michael Brown, aliuawa kwa risasi na askari mjini Ferguson, Missouri. Hapakuwa na video ya tukio lenyewe, kukabaki maneno ya mashahidi yanayopingana. Desemba mwaka huohuo Rais Barack Obama alipendekeza dola milioni 75 katika miaka mitatu kusaidia ununuzi wa kamera 50,000. Kufikia 2016, asilimia 47 ya idara za polisi nchini humo zilikuwa zimeshapata kamera, na katika idara kubwa kiwango kilifika asilimia 80. Wataalamu walibishana kama kamera zinabadili tabia ya askari. Jaribio la Rialto, California, lilionyesha malalamiko dhidi ya polisi yakishuka kutoka 24 hadi 3 kwa mwaka. Utafiti mkubwa wa Washington DC uliotolewa 2017, uliohusisha askari zaidi ya 2,000, haukuona tofauti ya maana. Ubishi huo ulikuwa na haki yake, ila ulimhusu askari. Mshtakiwa hakuwemo ndani yake.

Huku ubishi ukiendelea, video zilishaanza kufanya kazi nyingine mahakamani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha George Mason waliwauliza wakuu wa ofisi za mashtaka wanavyozitumia. Katika maeneo yenye kamera, asilimia 92.6 ya ofisi zilikuwa zimetumia video kama ushahidi dhidi ya raia. Zilizowahi kuzitumia kumshtaki askari zilikuwa asilimia 8.3. Chombo kilichonunuliwa kwa hoja ya kumchunga polisi kimekuwa, kwa matumizi ya kila siku, chombo cha upande wa mashtaka. Wapo wanaoishia hapo na kusema kwamba kamera hazina faida yoyote kwa mshtakiwa. Wanakosea, na kesi mbili zinatosha kuonyesha wanakosea wapi.

Ya kwanza ni ya Baltimore, Januari 2017. Askari alisema amekuta vidonge vya dawa za kulevya ndani ya kopo, kwenye uwanja wa nyuma uliojaa takataka. Video ilionyesha hivyo hasa: anaingia, anapekua, anaokota kopo. Kilichomponza ni jambo dogo la kiufundi. Kamera aliyovaa ilikuwa ikihifadhi sekunde 30 zinazotangulia kubonyezwa kitufe, ila bila sauti. Katika sekunde hizo bubu anaonekana akiweka mfuko kwenye kopo huku wenzake wawili wakitazama, anatoka hadi kichochoroni, ndipo anawasha kamera na kutangaza kwamba anakwenda kuangalia. Mtuhumiwa alikuwa rumande tangu Januari kwa kushindwa dhamana. Aliyeuona ujanja huo mwezi Julai alikuwa wakili wa utetezi wa umma aliyekaa akaitazama video tangu sekunde ya kwanza. Kesi ikafutwa na nyingine kwa makumi zikafuata. Askari akapatikana na hatia mwaka 2018, ingawa kifungo chake kiliahirishwa. Alijitetea kwamba alikuwa akiigiza upya jinsi alivyozipata dawa hizo mwanzoni.

Kesi ya pili ni ya Jackson County, Florida, na kwangu ina fundisho kubwa zaidi. Naibu sherifu Zachary Wester alikuwa akisimamisha magari kwa makosa madogo ya barabarani na kila mara anakuta dawa za kulevya. Mwanasheria katika ofisi ya mashtaka yenyewe aliyepewa kazi ya kupitia video zake aliona kwamba ripoti zilizoandikwa hazifanani na picha. Ripoti ilieleza upekuzi kwa namna moja, video ikaonyesha namna nyingine, au kamera iliwashwa baada ya sehemu muhimu kupita. Kesi zaidi ya 100 zilifutwa, na mwaka 2021 Wester akahukumiwa kifungo cha miaka 12 na nusu. Video zake zingetazamwa peke yake, nyingi zingeonekana za kawaida. Ripoti nazo zingesomwa peke yake, zilikuwa ripoti za kawaida. Uongo ulionekana pale viwili hivi vilipowekwa pamoja, kwa sababu kimoja kilitoka kichwani mwa askari na kingine kilitoka kwenye lenzi.

Mahakama zinaijua kanuni hii tangu zamani. Shahidi wa pili hutolewa nje ya chumba wakati wa kwanza akitoa ushahidi, asije akasikia na kurekebisha maelezo yake. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya mahakama zetu amewaona askari wawili waliokamata mtu mmoja wakishindwa kukubaliana kama ilikuwa jioni au usiku, na amemwona wakili akiinuka taratibu kwenda kuitumia tofauti hiyo. Askari na kamera yake ni mashahidi wawili wa namna hiyo. Ndiyo maana mwaka 2017, kabla programu hizi hazijafika sokoni, mashirika ya haki za kiraia ya Marekani yalikuwa tayari yanapinga desturi ya kumruhusu askari kutazama video kabla ya kuandika maelezo yake. Kumbukumbu ikishaoshwa na video, hairudi ilivyokuwa.

Sasa imekuja hatua inayokwenda mbali kuliko hiyo. Aprili 2024 kampuni ya Axon, iliyokuwa ikiitwa TASER hadi 2017 na inayotawala soko la kamera hizi Marekani, ilizindua programu iitwayo Draft One. Inachukua sauti iliyorekodiwa na kamera, inaigeuza maandishi, kisha inatunga rasimu ya ripoti ambayo askari anaipitia na kutia sahihi. Kampuni hiyohiyo inauza kamera, inatunza video kwenye seva zake, na sasa inaandika maelezo ya askari. Mahakama inapewa vitu vitatu vinavyoonekana kuthibitishana ilhali chimbuko lao ni moja.

Wanaoitetea programu wana hoja za kusikilizwa. Kumbukumbu ya binadamu ni dhaifu, hasa baada ya zamu ya saa nyingi na kukimbizana na watu. Ripoti nyingi za polisi, Marekani na kwetu, zimeandikwa kwa maneno ya kunakili ambayo hayana uhusiano na kilichotokea. Tena kuna jambo ambalo wapinzani hawapendi kulisema: rasimu inayotokana na sauti inaweza kubeba maneno ya mshtakiwa ambayo askari angeyaacha kwa makusudi. Mtu aliyesema mara mbili kwamba hakubali gari lake lipekuliwe ana nafasi kubwa zaidi ya kuyaona maneno hayo kwenye ripoti ya mashine kuliko kwenye ripoti ya askari anayejua madhara yake kisheria. Hoja hiyo ina uzito, na sheria yoyote ya jambo hili isiipuuze.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba hakuna kilichobadilika kwa sababu askari anaisoma rasimu, anairekebisha na kuisaini, hivyo bado ni ripoti yake. Kusaini si kukumbuka. Askari aliyeletewa kurasa mbili zilizopangika vizuri mwishoni mwa zamu hatafuti alichokiona yeye ambacho hakimo, anatafuta kosa la wazi. Chura atamwona. Hataona kwamba ripoti imeruka dakika ambayo hakuna aliyesema kitu, dakika ambayo huenda ndiyo mkono uliingia mfukoni mwa mtu. Na siku ya maswali ya dodoso, askari atakayebanwa kuhusu sentensi fulani ana mlango wa kutokea ambao hakuwahi kuwa nao: sentensi hiyo iliandikwa na programu, yeye aliipitisha tu. Hata faida iliyoahidiwa, ya kuokoa muda, haijathibitika. Utafiti uliofanywa kwa polisi wa Manchester, New Hampshire, na kuchapishwa 2024 haukuona muda wa kuandika ripoti ukipungua.

Tukumbuke pia kwamba mashine inasikiliza tu, haioni. Polisi wa Marekani wana desturi ya kupaza sauti wakimwamuru mtu aache kukaidi, hata pale ambapo mtu amelala kifudifudi na pingu ziko mikononi. Kwenye sauti peke yake, kelele hiyo inakuwa uthibitisho kwamba mtu alikaidi. Ugumu wa sauti tuliuona katika kesi ya Derek Chauvin, askari aliyemuua George Floyd mjini Minneapolis. Aprili 2021 wakili wa utetezi alipiga kipande kifupi cha rekodi ya kamera ya mwilini na kumuuliza mpelelezi wa serikali kama hamsikii Floyd akisema amekula dawa nyingi mno. Mpelelezi akakubali. Baadaye upande wa mashtaka ukapiga kipande kirefu zaidi, na shahidi huyohuyo akasema sasa anamsikia Floyd akisema hakutumia dawa zozote. Mpelelezi mzoefu, ndani ya mahakama, alisikia vitu viwili vinavyopingana kutoka kwenye sauti moja. Programu ingechagua kimoja, ikakiandika kwa sarufi safi na kuendelea na sentensi inayofuata.

Hapo mtu atajibu kwamba video yenyewe ipo, anayeitilia shaka ripoti akaitazame. Jibu hili ni zuri kuliko lile la sahihi, na linahitaji muda. Kwanza, video haijisemei. Mwaka 2007 katika shauri la Scott dhidi ya Harris, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba video ya polisi wakifukuza gari ilionyesha ukweli kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kesi kusikilizwa. Jaji Stevens, mmoja wa majaji wake, baada ya kuitazama video hiyohiyo, akaona kinyume. Watafiti walipowaonyesha Wamarekani 1,350 video hiyo, wengi walikubaliana na mahakama, lakini waliotofautiana walitofautiana kwa rangi, kipato na mtazamo wa kisiasa. Kamera ya kifuani ina kasoro yake zaidi: haimwonyeshi aliyeivaa. Utafiti uliochapishwa 2019 katika jarida la PNAS ulionyesha kwamba watu wanaotazama tukio kupitia kamera ya mwilini humwona askari kuwa na nia ndogo ya kutenda alichotenda kuliko wanaolitazama tukio hilohilo kupitia kamera ya gari, ambako mwili wake unaonekana.

Wasemaji wa Kiswahili wana sababu ya kuikumbuka kesi ya Patrick Lyoya, mkimbizi kutoka Kongo aliyeuawa kwa risasi na askari Aprili 2022 mjini Grand Rapids, Michigan. Aliposimamishwa, swali la kama anazungumza Kiingereza linasikika kwenye rekodi. Wakati wa kushikana mwilini, kitufe cha kamera ya askari kilibanwa na kamera ikazima kabla ya risasi. Dakika ya mwisho ilibaki kwenye simu ya abiria aliyekuwa na Lyoya. Polisi walitoa video nne: ya gari, ya mwilini, ya simu na ya kengele ya mlango wa nyumba ya jirani. Wazazi wake waliongea na waandishi wa habari kupitia mkalimani. Safari hii mshtakiwa alikuwa askari, na utetezi wake ulisimama kwenye video hizohizo: kwamba Lyoya alishika silaha ya umeme ya askari huyo, na askari akaogopa. Mei 2025 juri, jopo la raia linaloamua kesi, lilishindwa kukubaliana, na baadaye mwendesha mashtaka akaamua kutoirudia kesi. Mtu anaweza kukasirika kwa matokeo hayo, nami ni mmoja wao, lakini kisheria yanaonyesha kwamba haki ya kuitumia video katika utetezi haichagui mshtakiwa tunayempenda.

Jambo la pili kuhusu jibu la kwamba video ipo ni zito kuliko la kwanza: kwa washtakiwa walio wengi, haipo wakati inapohitajika. Kesi nyingi za jinai Marekani hazifiki kwenye ushahidi. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu yenyewe ilitaja kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho na asilimia 94 katika majimbo zinatokana na washtakiwa kukiri. Mtu yuko rumande, kazi inapotea, kodi ya nyumba inasogea, na mbele yake kuna makubaliano: kiri leo utoke, au subiri. Mwanasheria wa umma ana mafaili mengi, na tukio la dakika kumi lililohudhuriwa na askari sita ni saa nzima ya kutazama. Sheria nayo haimsaidii sana. Hukumu ya Brady ya 1963 inamtaka mwendesha mashtaka akabidhi ushahidi unaomsaidia mshtakiwa, lakini mwaka 2002, katika shauri la Ruiz, mahakama hiyohiyo ilisema Katiba haimlazimishi kukabidhi, kabla ya makubaliano ya kukiri, vitu vinavyovunja uaminifu wa shahidi. Na video inayopingana na ripoti ya askari ni kitu cha aina hiyo hasa. Kinachosomwa mezani siku ya makubaliano ni ripoti. Ikiwa ripoti imeandikwa na mashine kwa lugha ya kujiamini, shinikizo la kukiri linaongezeka hata kama ndani ya video kuna sekunde 30 za Baltimore.

New York iliwahi kulitazama tatizo hili usoni. Hadi 2019 sheria yake iliruhusu mwendesha mashtaka kukaa na ushahidi karibu hadi siku ya kesi, na mawakili waliibatiza jina la sheria ya kitambaa machoni. Mageuzi yaliyoanza kutumika Januari 2020 yakamlazimisha kukabidhi rekodi zote, za kamera za mwilini zikiwemo, bila kusubiri kuombwa. Baada ya marekebisho ya mwaka huohuo, muda ukawa siku 20 kama mshtakiwa yuko mahabusu na 35 kama yuko nje. Waendesha mashtaka walilalamika kwamba kesi zinafutwa kwa kuchelewa kwa karatasi ndogondogo, na 2025 wabunge wakailegeza sheria kwa kiasi. Malalamiko yao yalikuwa na ukweli ndani yake. Hata hivyo wazo la msingi lilibaki, na ni wazo sahihi: video inamsaidia mshtakiwa ikimfikia kabla hajakiri. Linganisha na North Carolina, ambako tangu 2016 rekodi hizi si nyaraka za umma na kuzitoa kunahitaji amri ya mahakama. Andrew Brown alipouawa na manaibu sherifu mjini Elizabeth City mwaka 2021, familia yake ilionyeshwa kwanza kipande cha sekunde 20.

Na kama video imefutwa? Tangu hukumu ya Youngblood ya 1988, mshtakiwa wa Marekani anayelalamika kwamba polisi wamepoteza ushahidi ambao ungeweza kumsaidia lazima athibitishe kwamba walifanya hivyo kwa nia mbaya. Anatakiwa kuthibitisha kilichokuwa kichwani mwa mtu mwingine, kuhusu kitu ambacho hakipo tena.

Kuhusu ripoti za mashine, hatua zimeanza kuchukuliwa, na zilizo bora ni zile zinazoulinda mwanya niliousema. Septemba 2024 ofisi ya mashtaka ya King County, eneo la Seattle, iliwaambia polisi kwamba haitapokea ripoti zilizoandikwa kwa akili mnemba. Utah ilipitisha mwaka 2025 sharti la kutaja kwamba akili mnemba imetumika. California ikaenda mbele zaidi Oktoba 2025: rasimu ya kwanza ya mashine itunzwe muda wote ripoti yenyewe inapotunzwa, ili wakili aone askari alibadili nini. Hilo la rasimu ya kwanza ni la busara. Linarudisha tofauti ya kuhojiwa pale ambapo ilikuwa imefutwa. Sharti la kutaja peke yake ni la bei rahisi, na nashuku litakuwa mstari mmoja chini ya ukurasa ambao hakuna anayeusoma. Novemba 2025 Jaji Sara Ellis wa Chicago, akiandika kuhusu maafisa wa uhamiaji, aliweka kwenye tanbihi kwamba afisa mmoja aliiomba ChatGPT imtungie maelezo ya ripoti kutokana na sentensi fupi na picha kadhaa. Jaji alilijua hilo kwa sababu kamera ya mwilini ilikuwa imewashwa.

Kwetu mazungumzo bado yako hatua ya kutamani. Kila askari anapotuhumiwa kuua, Nairobi au Dar es Salaam, mtu husema polisi wavishwe kamera. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Nairobi. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani, uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Kituo kilikuwa na kamera. IPOA, mamlaka inayosimamia polisi Kenya, iliwaambia maseneta kwamba mfumo wa kamera hizo ulikuwa umechezewa. Haikuwa shida ya kukosa vifaa. Aliyechunguzwa ndiye aliyeshika diski.

Sheria za Kenya kwa karatasi ziko vizuri kuliko za majimbo mengi ya Marekani. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kuujua mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutumia na kuufikia kwa kiasi cha kuridhisha, na mwaka 2008, katika shauri la Cholmondeley, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba wajibu wa kukabidhi unagusa hata vitu ambavyo mashtaka hayatavitumia. Tanzania, kifungu cha 40A kilichoingizwa kwenye Sheria ya Ushahidi mwaka 2007 kinapokea rekodi za sauti na video za vitendo, mienendo au mazungumzo ya watu walioshtakiwa, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ikaweka vigezo vya uzito wa ushahidi wa kielektroniki. Nchi zote mbili pia zimeruhusu makubaliano ya kukiri kosa, Kenya tangu 2008 na Tanzania tangu 2019. Maana yake tunajenga mlango uleule wa kutokea kabla ya ushahidi kutazamwa, na wengi wanaoupita hawana wakili.

Kwa hiyo siku kamera zitakapoletwa, na wauzaji watakuja na kifurushi kizima chenye programu ya ripoti ndani yake, bei itakuwa swali dogo. Swali kubwa ni mpangilio: askari aandike maelezo yake kwanza, kwa mkono wake, ndipo atazame video au apewe rasimu, na maandishi yote yatunzwe. Programu zilizofundishwa zaidi kwa Kiingereza zitakutana na mtu wa Kayole, Nairobi, anayechanganya Sheng na Kikamba huku matatu ikipiga muziki, na kosa lake halitakuwa la kuchekesha kama la Utah kwa sababu litasomeka vizuri. Video zikae kwenye seva ambayo mkuu wa kituo hawezi kuifungua wala kuifuta. Na zisipoletwa mahakamani ilhali kamera ilikuwepo, mzigo wa kueleza uwe kwa polisi. Leo mshtakiwa katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, anayejua kwamba alirekodiwa anaweza kuomba mahakama itoe wito kielelezo kiletwe, kisha anabaki kutegemea kwamba aliyepelekewa wito hajakifuta.